Shemeji na Gari la Viti Viwili

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, ana gari ambalo haliruhusiwi kwenda popote. Barabara kuu haliingii, mjini halifiki, na abiria halichukui zaidi ya mmoja. Ni gari la shambani. Lina usukani kama gari la kweli, viti viwili vilivyokaa sambamba kama maharusi wanaopigwa picha, paa la plastiki, vyuma vinne vya kuwakinga waliokaa, na nyuma sanduku la bati linalobinuka kumwaga mzigo. Milango hakuna, kuna wavu tu. Kwa rangi yake ya kijani na namna linavyochuchumaa juu ya matairi manene, watu waliliita Chura, na jina likakaa.

Wanaomwona leo akipita nalo hudhani alizaliwa nalo. Kabla ya Chura, gari la shemeji lilikuwa shingo yake. Alikuja kwetu bi harusi, mrefu, mkimya kwa wageni na mwenye ulimi kwa waliomzoea, na tangu mwaka ule alibeba kila kilichohitaji kubebwa: maji, kuni, majani ya ng'ombe, makopo ya maziwa, mbegu, mawe ya msingi wa nyumba. Alikuwa na kata yake ya kitambaa, ule mviringo unaokaa kati ya kichwa na mzigo, na kata ile hakumwazima mtu, kama wengine wasivyoazima mswaki. Ilikuwa imechukua umbo la kichwa chake.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wa siku hizi hawalijui, kwa sababu wao hubebewa. Mzigo usioweza kuunyanyua, unaweza kuubeba. Shingo inaweza, lakini mikono haifiki. Ndiyo maana zamani mtu alifunga majani yake, akasimama kando ya mzigo, akasubiri apite yeyote, ndugu au hasimu, amwambie: "Nitwike." Hilo lilikuwa neno lisilokataliwa. Nimewaona kwa macho yangu wanawake wawili ambao hawakusemezana tangu ugomvi wa kuku, mmoja akainama akamtwika mwenzake, kisha kila mmoja akashika njia yake bila hata kwaheri. Ukifika uendako, unamwambia utakayemkuta: "Nitue." Neno hilo ukimwambia kijana leo, atatazama juu akitafuta ndege.

Mimi nakaa chini ya shamba lake, karibu na njia. Asubuhi nilimtwika, jioni nikamtua, kaka akiwa hai na hata baada ya kaka kufa. Hapo ndipo tulipotaniana, tukapashana habari, tukagombana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sikuwahi kuuona mzito.

Shingo ndiyo iliyosema basi. Alianza kuamka mikono imekufa ganzi, vikombe vikamponyoka. Daktari akatazama picha akasema pingili za shingo zimeshuka zikakaribiana, na kwamba mama huyu asiweke tena kitu kichwani, hata kikapu cha mayai. Mwanawe akaja siku hiyohiyo. Ana mtoto mmoja tu aliye hai, naye ni fundi wa lifti mjini. Kazi yake ni kupandisha watu wasiotaka kupanda.

"Mama, chumba kipo," alisema, mimi nikiwa nimekaa mlangoni. "Kina mwanga, kina maji. Ni ghorofa ya sita, lakini lifti iko mlangoni, na lifti yenyewe naitengeneza mimi."

"Na ng'ombe?"

"Tutauza."

"Wewe si unapandisha watu kutwa nzima? Wapandishe na wao."

"Mama, sitanii."

"Umeniona nacheka?"

Ana ng'ombe wawili wa maziwa, mama na binti yake. Watu husema mifugo ni mali. Kwa shemeji, hao ni sababu ya kuamka. Kijana alilijua hilo, na sitamsingizia ubaya: aliondoka amenuna, akarudi mwezi uliofuata na lori limembeba Chura mgongoni.

"Haya," akasema. "Hili litabeba badala yako. Majani, maziwa, kila kitu. Lakini tukubaliane. Likikushinda, au likikuumiza, unakuja mjini, na hatutabishana tena. Baba Mdogo ni shahidi."

Baba Mdogo ni mimi. Niliitikia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Nimekubali," shemeji akasema. Naye akikubali jambo, amekubali.

Alifundishwa siku moja, ndani ya uwanja wa ng'ombe. Hakuna klachi ya kukanyaga, kuna fimbo tu ya mbele, nyuma na katikati. Mkanda usipoufunga, linatambaa kama mgonjwa na kulia pii pii pii. Kurudi nyuma alijifunza kwa kuangusha nguzo ya lango, kisha akaishindilia mwenyewe. Mbele ya usukani palikuwa na picha ya onyo, gari limeinama juu ya pembetatu, limekatwa kwa msalaba mwekundu. Maneno yake yalikuwa ya kigeni. Kijana alikuwa anapokea simu ya lifti iliyokwama, kwa hiyo tuliitafsiri sisi wenyewe.

"Hapa wanasema nini, shemeji? Wewe si msomaji?"

Nikavaa miwani, nikaitazama kwa muda unaomfaa msomaji. "Wanakataza kupanda nalo juu ya paa."

"Kwani kuna mtu alijaribu?"

"Wazungu wanajaribu kila kitu."

Tukaridhika.

Basi akaanza maisha ya kuendesha. Asubuhi alishuka na maziwa, kopo moja kwenye kiti cha pili, amelifunga mkanda, maana nyuma lilikuwa linagongana na mwenzake na kumwagika. Karani wa kituo cha maziwa, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, alimtania siku ya kwanza: "Bibi, naona mume mpya. Mbona ana kifuniko?"

"Huyu hanijibu," akasema shemeji. "Ndiyo uzuri wake."

Watu wakacheka. Nasema watu, lakini walikuwa watatu. Zamani pale palikuwa na mstari wa wanawake kutoka mlangoni hadi barabarani, kila mmoja na mtungi na habari zake. Shemeji alikuwa akitoka na jua changa na kurudi jua likiwa utosini, maana kila mahali alipumzika, na kila mapumziko yalikuwa na mtu. Sasa alifika kabla karani hajafungua. Alikaa ndani ya Chura, mikono juu ya usukani, akitazama mlango wenye kufuli. Akishapokelewa maziwa alikuwa nyumbani kabla chai yangu haijapoa. Gari lilimrudishia saa nyingi za mchana, na hakuwa na mtu wa kuzitumia naye.

Kwangu akawa anapita. Alipiga honi, nikainua mkono. Nikiinuka na kufika kwenye uzio, nakuta vumbi. Na watu wakimwona ana gari huona ana kila kitu. Hata yule jirani wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akija kumpasulia kuni aliacha. "Yule ana Chura," aliniambia, kana kwamba Chura anapasua kuni.

Siku moja nilisimama katikati ya njia, akalazimika kusimama.

"Shemeji, hili dude limekuondoa kwa watu."

Alizima injini. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. "Watu gani?"

"Watu wa njiani. Wenzako mliokuwa mkienda pamoja."

"Wataje."

Nikaanza kuwataja. Yule aliyekuwa akiimba: amekufa. Mama wa mapacha: yuko kwa binti yake, hajui tena siku wala mwezi. Mke wa fundi mwashi: wamehama, na paa lao walilibeba. Yule mfupi mwenye ulimi: amekufa, tena shemeji ndiye aliyemvisha sanda. Nikatafuta wa tano, sikumpata.

"Unaona," akasema. "Njia hii ilikuwa tupu kabla ya gari. Mwaka mzima, shemeji, mtu pekee aliyekuwa ananitwika ni wewe. Na wewe nawe nilianza kukusikia ukihema. Nikajifanya sisikii."

Akawasha, akaondoka polepole ili asinitilie vumbi. Nilikuwa nimezoea kuilaumu mashine. Ni raha kulaumu kitu kisichoweza kukujibu.

Sasa nieleze siku Chura alipolala.

Majani mazuri yako bondeni, ukingoni mwa mto. Kutoka kule hadi zizini ni mteremko mkali, na juu ya mteremko ule kuna njia ya miguu, ya zamani kuliko mimi, inayokwenda mshazari. Wabebaji ndio walioichora. Mtu mwenye mzigo kichwani hapandi mlima akiuelekea. Huukata upande, kidogo huku, kidogo kule, ili magoti yasilie na mzigo usidondoke kisogoni. Shemeji aliijua njia ile kuliko ulimi unavyojua meno. Siku zote hizo alikuwa akizunguka na Chura kwa barabara ya juu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imeikata barabara, ng'ombe wanalia njaa, naye akajaza sanduku majani hadi yakapita paa, akashika njia ya miguu yake.

Nilisikia injini ikinguruma mahali pamoja bila kusogea. Nikachukua fimbo nikapanda. Nilipofika nikamkuta Chura amelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba, majani yametapakaa, tairi mbili ziko hewani, na shemeji ananing'inia ndani ya mkanda, nywele zimemfunguka.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimepumzika."

"Ubavu?"

"Kila mtu na mapumziko yake."

"Zima injini basi."

Akapapasa, akazima. Kimya kikawa kikubwa. Nikamwuliza ameumia wapi, akasema mkono umechubuka, na kiburi. Nilijaribu kusukuma. Mimi na Chura tulitazamana tu.

"Naenda kuita watu," nikasema.

"Usiite."

"Utakaa humo mpaka lini?"

"Shemeji, sikiliza. Ukipiga kelele hapa, itasikika ghorofa ya sita." Sauti yake ilibadilika. Hakuwa anatania tena. "Nilikubali mbele yako. Likiniumiza, naondoka. Unataka niondoke?"

Sikutaka aondoke. Akiondoka yeye, bonde hili, upande wetu wa mto, linabaki na mimi na mzee mmoja kiziwi. Lakini mtu hawezi kumwacha shemeji yake ananing'inia kama nguo. Nilifungua mkanda, nikamshikilia akashuka juu ya majani, kisha nikaenda hadi barabara kuu. Palikuwa na lori la mchanga na wapakiaji wake wanne wamekaa kivulini. Wakaja. Vijana wenye mikono minene, siwanyimi haki yao. Walihesabu moja mbili tatu, Chura akasimama kwa matairi yake, akatikisika kidogo kama aliyeamshwa.

"Asanteni, wanangu," shemeji akawaambia. "Mmenitua."

Mmoja akaninong'oneza: "Mzee, amesema tumemfanya nini?"

Nilimweleza. Akasema "ahaa" kama mtu anayeambiwa jina la mdudu. Mwenzake alikuwa na simu mkononi, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani anatazama saa. Picha ile ilitoka kwake ikaenda kwa shangazi yake, kwa karani wa maziwa, kwa watu wanaouza mbolea, na kabla shemeji hajamaliza kukusanya majani, simu yake ikalia. Ilikuwa ghorofa ya sita.

"Mama. Nimeona."

"Umeona gari. Mimi mzima."

"Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana."

"Nakuja Jumapili. Fungasha."

Jioni nilipanda kwake. Nilidhani nitamkuta analia au anakunja nguo. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya usukani wa Chura, anaitazama ile picha ya onyo.

"Njoo hapa, msomaji. Hili ni paa?"

Nikatazama. Pembetatu ile ilikuwa mlima. Gari lilikuwa linaukata mlima upande, mshazari, kama anavyopita mtu mwenye mzigo. Nikavua miwani.

"Nimelipeleka kama miguu yangu," akasema. "Sisi tunaukata mlima upande ili tusianguke. Lenyewe ukilipeleka upande ndiyo linaanguka. Linataka kuuelekea mlima uso kwa uso, kama mtu mkorofi."

Siku zilizobaki alifanya mazoezi. Nilimwona kutoka kwangu: anashuka wima hadi mtoni, anageuza kwenye tambarare, anapanda wima, mdomo umefungwa, Chura anapiga kelele za kupasua masikio. Mwili ulikuwa unamsaliti. Kila akifika pale njia ya miguu inapokatiza, mikono inataka kukunja usukani. Mara mbili alisimama katikati ya mlima, akakaa, akapumua, akaendelea. Nguo hakufungasha.

Jumapili mwanawe alifika na gari la kukodi na mifuko mikubwa mitupu. Shemeji alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani, amefunga mkanda.

"Shikamoo, Mama. Uko tayari?"

"Marahaba. Panda."

"Mama, tumekubaliana."

"Tulikubaliana likinishinda. Twende ukaone kama limenishinda. Panda, mbona unaogopa? Wewe si ndiye uliyelinunua?"

Alinitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu. Akapanda kiti cha pili, akaufunga mkanda vizuri sana.

Ya huko mlimani aliniambia shemeji mwenyewe, na yeye si mtu wa kupamba. Alishuka naye hadi mtoni, wakapakia majani kiasi, yasipite ukingo wa sanduku. Kisha akauelekea mlima. Kijana alishika chuma kwa mikono yote miwili, yeye anayening'inia ndani ya mashimo ya lifti kila siku. Chura alipanda. Njia ya miguu ilikatiza mbele yao, akaivuka bila kukunja. Walipofika juu akazima.

"Basi?" akamwuliza.

Kijana hakutazama gari wala mama yake. Alikuwa anatazama bonde. Kutoka kule unaona kila kitu.

"Mama, ile nyumba yenye mti mbele, nani yupo?"

"Hakuna."

"Na ile ya bati?"

"Wamehama."

"Na kule ilipokuwa shule ya chekechea?"

"Kuna mbuzi."

"Nilikuwa naogopa gari," akasema. "Gari unaliweza. Mama, siku ukianguka, nani atakusikia?"

"Baba yako mdogo alisikia."

"Baba Mdogo naye leo yupo, kesho hayupo."

"Basi atasikia leo."

"Na kesho?"

Shemeji aliniambia hapo hakutafuta jibu la uongo. Alimwambia hivi: "Kule kwako nitakuwa na lifti mlangoni na watu upande wa pili wa ukuta. Watanisikia nikikohoa. Lakini nitakuwa nakohoa nikifanya nini? Hapa naamka kuna anayenililia maziwa yamejaa. Mwanangu, mimi najua kuwa niko peke yangu. Sihitaji kuambiwa na wewe. Niache niwe peke yangu nikiwa na kazi."

Kijana alifuta uso kwa mkono, akasema ni vumbi. Kisha akasema: "Haya, Mama. Baki."

Waliposhuka garini, kijana alikuwa mtu mwingine, anacheka, anasema mama yake ni dereva kuliko madereva wa mjini. Aliirudisha mifuko ile mitupu ndani ya gari la kukodi. Shemeji alimwomba alale, asubuhi amsaidie kukamua kama alipokuwa mdogo. Akasema kuna jengo lifti imesimama tangu jana, wazee wamekwama juu. Alimpa mama yake simu mpya yenye kitufe kimoja kikubwa chekundu, akamwonyesha namna ya kukibonyeza, akamkumbatia kwa muda mrefu, akaondoka jua likiwa bado juu.

Nilibaki naye langoni. Nilitaka kumpongeza, na utani wote niliokuwa nao ukanikauka. Nikasema: "Umeshinda, shemeji."

"Nimeshinda," akasema. Alikuwa anaangalia vumbi la lile gari likitulia barabarani, kipande kwa kipande, hadi barabara ikabaki barabara. "Nenda ukapumzike. Magoti yako nayasikia kutoka hapa."

Nikateremka. Nilisikia ng'ombe wakilia, kisha nikasikia ndoo.

Tangu siku ile anatumia njia ya wima, ile inayopita kando ya uzio wangu. Njia ya miguu inaota nyasi. Kila asubuhi nasikia Chura anaanza kushuka, nami hutoka nikasimama pale, fimbo mkononi, nikainua mkono kumsalimu. Anapiga honi. Kugeuka hageuki. Mteremko ule ukiushuka uso kwa uso, lazima macho yabaki mbele, na mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Namwona upande mmoja tu wa uso, umekazwa, unapita. Naushusha mkono wangu, narudi ndani, nasubiri nisikie kama amefika chini.